Ukishahesabu Mizani, Kisha?

Uchambuzi mwingi wa ushairi ninaousoma huishia pale ulipopaswa kuanzia: mishororo minne, mizani (yaani silabi) nane, vina vinabadilika, basi. Alama zinapatikana, shairi linabaki limefungwa.

Chukua utendi alioutunga Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858, akimuusia bintiye:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Hesabu kwa vidole. Nane kila kipande, yaani kila mshororo, lakini nane hiyo huipati mpaka utamke bi-n-ti na kuipa m ya "mchachefu" pumzi yake. Mizani ni kazi ya sikio kwanza. (Tenzi zilighaniwa, jamani.)

Vipande vitatu vinagonga -ti, na humo binti na wasiati (wosia) wanakutanishwa. Cha nne kinajitenga, kinatua kwenye -a, na kina hicho ndicho kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Kisha mama anasema:

Maradhi yamenshika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Maradhi, mwaka mzima, kimya. "Kukwambia" linasubirishwa mpaka mwisho kabisa. Vina vya -ka vinabana, vinabana, halafu kipande cha nne kinaachia. Ubeti huu ungekuwa na kina kimoja tangu juu hadi chini, kule kuachia kusingesikika. Hilo ndilo ninalotaka kulisoma, si ile sentensi ya "ametumia vina ili kuleta mapigo", ambayo unaweza kuibandika kwenye shairi lolote duniani.

Kuhusu uhuru wa mshairi, ile ruhusa ya kuipinda lugha, ndiko tunakoboronga zaidi sisi wachambuzi. "Wangu binti" badala ya "binti wangu", sawa, hapo sarufi imepinduliwa na faida yake inaonekana: binti kasogezwa hadi kwenye kina. Ila mtu akifika kwenye "lema" anaandika upesi: tabdila (kubadili umbo la neno), kabadili "jema" apate vina. Vina gani, na neno liko katikati ya kipande? Wala mizani haikuongezeka. Mwana Kupona alikuwa mtu wa visiwa vya Lamu, na "lema" ni Kiswahili chake cha nyumbani, hakubadili chochote. Ni sisi tuliofundishwa Kiswahili sanifu, lugha iliyosanifiwa miongo mingi baada yake, tunaomwona kapinda.