Plau juu ya mwamba: ng'ombe au mungu?

Kwenye mlima Bego, katika Alps za kusini mashariki mwa Ufaransa, kuna michongo ya plau zinazokokotwa na maksai wawili wawili. Imechongwa mahali pasipolimika. Michongo ya mlima huo, zaidi ya 30,000, iko juu ya mita 2,000, na theluji huifunika kwa miezi mingi. Ukikaa Moshi, ambako migomba inaishia chini huku na barafu ya Kibo iko kule juu, swali linakujia lenyewe: mkulima alipandisha picha ya plau yake huko kutafuta nini?

Clarence Bicknell, Mwingereza aliyefika huko mara ya kwanza mwaka 1881 na baadaye akainakili michongo kwa maelfu, aliona mkono wa wachungaji. Walipanda na mifugo majira ya joto, wakachonga walivyovijua: pembe, mashamba, silaha. Henry de Lumley, mwanaakiolojia Mfaransa aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1967, anaona ibada: mungu dume mwenye sura ya fahali, bwana wa radi na mvua, pamoja na mungu jike wa ardhi.

Hoja ya ibada si ya kupuuzwa. Radi hupiga sana mlimani pale. Tena alama ni za aina chache mno, zikirudiwa maelfu ya mara, na vichwa vya pembe ndivyo vingi kuliko vyote. Mtu anayepitisha muda tu hachongi hivyo. Lakini jina la mungu huyo halikuandikwa kwenye jiwe lolote la Bego. Visu vilivyochongwa vimesaidia zaidi: vinafanana na vile vya makaburi ya Remedello, kaskazini mwa Italia, na kwa njia hiyo michongo mingi imewekwa katika zama za shaba. Huo ni ushahidi wa kushikika. Mungu fahali ni tafsiri.

Hata hivyo, nadhani pande zote mbili zinatenganisha vitu ambavyo huenda wachongaji wenyewe hawakuvitenganisha. Mgeni akiona masale, mmea wa majani marefu, kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, atasema ni ua, na hatakuwa amekosea. Ila jani hilohilo ndilo Mchagga hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, na ukilirudisha bila kusamehe umefanya jambo zito. Ni mpaka, na ni zaidi ya mpaka. Kwa nini fahali wa Bego asiwe mali ya zizini na mwenye mvua kwa wakati mmoja?

Hapo pia lazima nijizuie. Wachagga walikuwa na mregho, fimbo ya mafundisho iliyochongwa alama, na mwalimu ndiye aliyewafafanulia vijana kila alama. Mwondoe mwalimu, inabaki mikato kwenye mti. Bego haina mwalimu aliyebaki. Ndiyo maana yananikera majina waliyopachikiwa watu waliochongwa kwenye mwamba ule: mmoja anaitwa Mchawi, mwingine Kristo, ingawa michongo hiyo ya kale iliutangulia Ukristo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ukishaambiwa "Mchawi", huoni tena kitu kingine. Mimi ningemwita mtu aliyeinua mikono, na plau ningeiacha iitwe plau.