Kifungo cha mali ya wizi: ukate rufaa au utumikie utoke?

Tuseme kijana amenunua simu soko la Sabasaba, Dodoma mjini, kwa shilingi 60,000, bila risiti wala boksi. Wiki mbili baadaye anakamatwa nayo, na Mahakama ya Wilaya inampa miaka 2 kwa kupokea mali ya wizi. Sheria inaruhusu hadi miaka 10. Nyumbani ndugu wanagawanyika: baba mdogo anasema atulie zake gereza la Isanga, atumikie atoke, mama anataka wakili leo leo.

Baba mdogo si mjinga. Miaka 2 ikitolewa theluthi ya msamaha wa kawaida inabaki miezi 16, na nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri nayo huwa na safari yake. Tena Mahakama Kuu ikishalifungua jalada inaweza hata kuongeza adhabu, jambo ambalo wafungwa wengi hawaambiwi. Na kama kijana alikiri kosa, kwa kawaida kinachobaki kulalamikiwa ni adhabu tu.

Ila kama alikana, hesabu hiyo imeruka jambo kubwa. Kukutwa na kitu peke yake hakutoshi. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inapaswa kuonyesha kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kuwa simu ni ya wizi. Bei ya kutupa ni dalili, sawa, lakini nani mjini hapa hajawahi kununua kitu cha mkononi bila risiti? Halafu kuna utambuzi. Mlalamikaji alitaja alama za simu yake kabla ya kuonyeshwa, au aliwekewa mezani akasema "ndiyo hii"? Namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe, ilisomwa mahakamani? Hati ya ukamataji wa simu ilijazwa palepale? Rufaa hupata meno hapo. Kilio cha watoto wanaomtegemea kinaweza kupunguza miezi, hatia hakiifuti.

Mimi niko na mama, ila wakili anaweza kusubiri. Kisichosubiri ni taarifa ya kusudio la kukata rufaa: siku 10 tangu hukumu, na mfungwa anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza. Petisheni, yaani rufaa yenyewe yenye sababu zake, ina siku 45, na muda wa kungoja nakala hauhesabiwi. Wakishaisoma hukumu wakaona ushahidi umebana, rufaa wanaweza kuiacha. Asipoweka dole gumba kwenye taarifa hiyo, siku ya 11 ataanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini alichelewa, kabla hata hajaigusa habari ya simu.