Dola imepanda, kila siku

Nimechoka kujibiwa "dola imepanda" kila ninapouliza bei Kariakoo. Wiki iliyopita muuzaji mmoja alinikunjulia pazia la Uturuki, akalivuta mlangoni penye mwanga ili nione ufumaji wake, kisha akataja bei iliyonifanya nilikunje upya mwenyewe. Nilipouliza sababu, jibu likawa lile lile.

Kinachoniuma ni kwamba nakumbuka Agosti 2018, wakati Uturuki na Marekani, washirika katika NATO tangu 1952, zilipogombana juu ya mchungaji wa kanisa Mmarekani, Andrew Brunson, aliyekuwa akishikiliwa Uturuki, Donald Trump akaongeza ushuru wa chuma cha Uturuki hadi asilimia 50 na wa alumini hadi asilimia 20, na lira, sarafu ya Uturuki iliyokuwa tayari imelemewa na mfumuko wa bei na madeni ya makampuni yaliyokopa kwa fedha za kigeni, ikaporomoka. Septemba benki kuu yao ilipandisha riba hadi asilimia 24. Sarafu yao ikianguka, ungetarajia bidhaa zao zituwie nafuu; lakini katika maduka niliyozunguka hapa Dar es Salaam, mapazia hayakushuka hata shilingi mia.

Naelewa kwamba viwanda vingi vya kule huuza nje kwa dola, hivyo sidai punguzo linalolingana na anguko la lira. Nadai kuelezwa ukweli: ndugu yangu, bei hii ni nauli ya meli, ni ushuru wa bandarini, au ni faida yako?