Auze akiwa darasani au asubiri cheti? Njia mbili za mbunifu wa bidhaa anayetaka kujitegemea

Anayesomea ubunifu wa bidhaa na kutaka kujitegemea husikia mashauri mawili yanayogongana. Moja linamwambia atulie: amalize masomo, aajiriwe kiwandani au kwenye studio kwa miaka michache, aone kazi inavyokwenda, ndipo afungue chake. Jingine linamwambia asingoje: printa ya 3D ipo, wateja wanapatikana kwa simu, na ajira yenyewe haina uhakika. Mimi naegemea upande wa kuanza mapema, kwa sharti moja ambalo wanaohimiza kuanza mapema hawalitaji mara nyingi. Kinachoanzwa mapema kiwe ni kuuza na kurekebisha. Bidhaa iwe ndogo, idadi iwe ndogo, na wanunuzi wawe watu ambao mwanafunzi anaweza kuwafikia na kuwatazama wakiitumia. Mwekezaji, jina la kampuni na mkataba wa kiwanda vinaweza kungoja.

Sababu yangu kubwa ni kwamba masomo ya ubunifu, hata yakiwa mazuri, hukatikia mahali pabaya. Kazi husahihishwa siku ya kuwasilishwa. Chukua taa ya mezani yenye shingo inayokunjwa. Mwanafunzi ameichora, ameitengeneza, ameipiga msasa, na siku ya wahadhiri inawaka vizuri. Mhadhiri anaikunja, anaikunjua, anaandika alama. Mnunuzi ataikunja kila usiku. Baada ya miezi miwili waya unaopita ndani ya kiungo umejipinda mara kadhaa wa kadhaa mahali palepale, shaba iliyo ndani yake imekatika, na taa inawaka ukiishika, inazima ukiiachia. Kosa hilo halionekani kwenye mchoro wala kwenye picha za potifolio. Linaonekana taa inaporudishwa. Aliyerudishiwa taa kama hiyo atajifunza kuacha nafasi ya waya kucheza ndani ya kiungo, kuubana pembeni usivutwe, kuchagua waya wa nyuzi nyembamba nyingi badala ya waya mgumu, na kutumia skrubu pale alipotumia gundi ili kiungo kifunguke. Sijui zoezi la darasani linaloyafundisha hayo kwa nguvu hiyo.

Mradi wa Embrace unaonyesha umbali uliopo kati ya alama na matumizi. Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walipewa zoezi la kubuni kifaa cha kumpa joto mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa sehemu ndogo mno ya bei ya mashine ya hospitali. Mmoja wao alikwenda Nepal. Akakuta hospitalini mashine za msaada zimekaa bila kutumika, huku watoto wakifariki vijijini, mbali na hospitali. Swali likabadilika pale pale: badala ya kupunguza bei ya mashine, ikabidi wabuni kitu kinachofaa nyumbani pasipo na umeme. Matokeo yake ni kifuko cha kumlaza mtoto chenye pochi ya nta maalumu ambayo, ikishayeyushwa, hudumisha joto la karibu nyuzi 37 kwa saa kadhaa. Baadaye, wakikijaribu India, waligundua kwamba mama anayeiona dawa ya hospitali kuwa kali hupunguza dozi, na angeweza kupunguza joto vivyo hivyo. Wakaondoa kipimo cha namba, wakaweka alama inayoonyesha tu kama joto linatosha au halitoshi. Badiliko hilo ni dogo kwenye mchoro lakini ni kubwa kwa mtoto, na lilikuja muda mrefu baada ya muhula kwisha.

Wanaoshauri subira nao hawazungumzi hewani. Mwaka 2008, katika somo la uhandisi Harvard, Jessica Matthews na Julia Silverman walishiriki kubuni SOCCKET, mpira wa miguu unaohifadhi nishati unapochezwa kisha ukawasha taa. Uliisisimua dunia. Julai 2013 Rais Obama aliuchezea mbele ya kamera Ubungo, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata waandishi wa habari waliofuatilia mipira iliyogawiwa watoto nchini Mexico walikuta iliyokwisha kuharibika. Wazo lilivutia na nia ilikuwa njema, lakini sifa zilitangulia majaribio. Mpira hupigwa, hunyeshewa na kugongwa ukutani, na saketi iliyo ndani yake haina budi kuvumilia yote hayo kwa miezi mingi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mashindano ya wabunifu wanafunzi yana hatari hiyo: tuzo hutolewa kwa kielelezo kimoja, yaani kifaa cha majaribio, kinachofanya kazi mbele ya majaji, na kijana anaondoka akiamini kazi imekwisha.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Oda huzuia kujifunza. Mwanafunzi ambaye vishikio vyake vya simu vya mbao vimeanza kupendwa anaweza kumaliza muhula mzima akikata kishikio kilekile, kwa sababu kila kimoja kina mtu aliyelipa na anayesubiri. Wakati huo wenzake wanajaribu kauri, nguo, chuma, vitu visivyo na soko lolote. Miaka ya masomo ni miaka adimu ya kujaribu bila kudaiwa, na kuiuza yote kwa kishikio kimoja ni kuiuza kwa bei ya chini. Nakubaliana na hoja hii karibu yote. Dawa yake ni kuuza kwa mikupuo: tengeneza vipande ishirini, viuze, simama, sikiliza malalamiko, rudi darasani. Majira ya mitihani usipokee oda hata mteja akibembeleza.

Hoja nzito zaidi ya kuajiriwa kwanza ni kiwanda. Kitu kinachotoka kwenye printa ya 3D hujengwa tabaka juu ya tabaka, hivyo kuta zake zinaweza kusimama wima kabisa na kuwa nene hapa, nyembamba pale. Ukitaka kitengenezwe kwa plastiki inayosukumwa ndani ya kalibu, mambo hubadilika. Kuta hutakiwa kulala kidogo, kwa pembe ya nyuzi moja au mbili, la sivyo kipande hung'ang'ania kwenye chuma. Unene usipolingana, sehemu nene huchelewa kupoa na uso wake hubonyea. Kalibu ya chuma kwa kawaida hugharimu maelfu ya dola kabla kipande cha kwanza hakijatoka. Kuinyoa zaidi inawezekana, lakini kurudisha chuma kilichokwisha kunyolewa ni kazi ya gharama. Mambo haya hayasomwi kwa kukisia. Yanajulikana kwa kusimama karibu na fundi wa kalibu anapokitazama kipande chako na kutikisa kichwa.

James Dyson, anayetajwa sana kama mfano wa mbunifu aliyejitegemea, alipitia mlango huo. Akiwa bado mwanafunzi wa Royal College of Art mjini London alianza kufanya kazi na Jeremy Fry wa kampuni ya Rotork kwenye chombo cha majini cha mizigo kilichoitwa Sea Truck, na baadaye akawa anakiuza yeye mwenyewe. Watu hukumbuka vielelezo 5,127 vya kifyonza vumbi alivyotengeneza kati ya 1979 na 1984. Miaka ya nyuma yake, aliyoitumia kuuza chombo cha kampuni ya mtu mwingine, haitajwi. Haitajwi pia kwamba wakati wa vielelezo hivyo familia ilitegemea kipato cha mkewe, mwalimu wa sanaa. Naona maisha yake yanapunguza ugomvi wa mashauri yale mawili: alikuwa mwanafunzi na mfanyakazi kwa wakati mmoja. Likizo moja ndefu kwenye kiwanda cha plastiki, hata kwa kazi ya kupanga na kukagua vipande, inaweza kumpa mwanafunzi sehemu nzuri ya kile ambacho ajira ingempa kwa miaka.

Sasa hesabu, ambako naona ndiko mwanafunzi anayeuza hujidanganya zaidi. Chukua bidhaa inayouzwa 100 dukani, kwa fedha yoyote ile. Duka mara nyingi huchukua karibu nusu. Katika 50 inayobaki mna vifaa, saa za kazi, boksi, usafirishaji, vipande vilivyoharibika na vitakavyorudishwa. Ndiyo maana watengenezaji hukadiria kuwa bei ya dukani inapaswa kuwa mara nne au tano ya gharama ya kutengeneza. Mwanafunzi hujumlisha mbao, rangi na skrubu akapata 30, akauza 45 moja kwa moja kwa mteja, akaona amepata faida ya 15. Hakuhesabu saa za kupiga msasa, kwa kuwa hakuna aliyemlipa. Hakuhesabu mashine, kwa kuwa ni za chuo. Akihitimu, karakana inafungwa kwake, mashine anazilipia kwa saa, na bei aliyowazoesha wateja haiwezi kupanda maradufu bila kuwakimbiza. Afanye hesabu mbili tangu kipande cha kwanza: ya gharama anazolipa leo, na ya gharama ambazo angelipa kama asingekuwa mwanafunzi. Bei itoke kwenye hesabu ya pili. Kama hakuna anayenunua kwa bei hiyo, bora ajue akiwa na kitanda bwenini kuliko akiwa na kodi ya fremu.

Wengi hudhani uchangishaji wa mtandaoni, ambao watu hulipia bidhaa kabla haijatengenezwa, unaondoa tatizo la mtaji. Unaondoa sehemu tu. Eric Migicovsky alianza kushughulikia saa inayowasiliana na simu akiwa mwanafunzi wa uhandisi, na mwaka 2012 saa yake ya Pebble ilichangiwa zaidi ya dola milioni 10 kwenye Kickstarter, tovuti ya uchangishaji wa aina hiyo. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza na kuuza saa nyingine, inPulse, kwa wenye simu za BlackBerry. Pamoja na uzoefu huo Pebble ilichelewa: iliahidiwa Septemba 2012, ikaanza kusafirishwa Januari 2013. Coolest Cooler, kijokofu cha kubeba kilichochangiwa zaidi ya dola milioni 13 mwaka 2014, kilikufa 2019 huku maelfu ya waliolipa hawajakiona. Asiyewahi kufikisha vipande hamsini mikononi mwa watu asikusanye pesa za vipande elfu tano. Hapa sina namna ya kulainisha maneno, kwa sababu pesa hizo ni za watu.

Suala la haki nalo huja mapema kuliko mwanafunzi anavyodhani. Barani Ulaya, kwa mfano, uvumbuzi uliokwisha kuonyeshwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa kwa kawaida haupati hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiuige. Marekani humwachia mvumbuzi mwaka mmoja. Maonyesho ya kumaliza masomo, video fupi au picha mtandaoni zinaweza kufunga mlango huo bila mwenyewe kujua. Kanuni za vyuo hutofautiana kuhusu nani anamiliki kitu kilichobuniwa kwa mashine au fedha za chuo, hivyo zisomwe kabla ya mradi kuanza. Bidhaa nyingi ndogo hazihitaji hataza hata kidogo, lakini makubaliano ya maandishi kati ya washirika yanahitajika hata kama ni marafiki wa chumba kimoja. Toroli la Dyson liitwalo Ballbarrow, alilolianzisha 1974, lilikuwa na hataza iliyoandikwa kwa jina la kampuni. Walipohitilafiana na wenzake akatolewa, na toroli likabaki kwao.

Mwaka wa mwisho ukifika, swali la ajira hurudi, na sioni aibu yoyote kulijibu kwa ndiyo. Ningetazama jambo moja: je, kuna watu walionunua kwa bei ya hesabu ya pili, kisha wakarudi au wakamleta mwingine? Kama wapo, mhitimu ana kitu cha kuendeleza, na mwaka mmoja wa kubana matumizi unastahili. Kama hawapo, atafute kazi, kiwandani kama inawezekana, na aendelee na mikupuo midogo jioni. Ila kabla ya kutia saini, atafute kwenye mkataba kifungu kinachohusu vitu atakavyobuni nje ya saa za kazi. Kuna mikataba inayompa mwajiri hata vitu hivyo, na wakati wa kuomba kifungu kirekebishwe ni kabla kalamu haijagusa karatasi.