Jaribio Lisilojua Kufeli

Andika skripti ya sheli, programu inayopokea amri za maandishi, yenye mistari mitatu. Wa kwanza uwe set -e, wa pili ! true, wa tatu echo nimefika. Ule wa kwanza unaiambia sheli isimame papo hapo amri yoyote ikishindwa. Wa pili unashindwa, maana true hufaulu siku zote na alama ya mshangao inaligeuza jibu lake. Kwa hesabu hiyo wa tatu usingefikiwa kamwe. Iendeshe sasa: "nimefika" hiyo hapo kwenye skrini.

Sheli haijakosea. Kanuni ya POSIX, kiwango kinachoeleza sheli inavyopaswa kutenda, inasema amri iliyotanguliwa na alama ya mshangao haimo katika hesabu ya set -e. Unaweza kuandika sheli miaka kumi usikutane na jambo hili, na ndiyo maana nimelitumia kufungulia mjadala usiokwisha kati ya watu wa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi: msimbo wa majaribio ukaguliwe kwa ukali uleule wa msimbo wa keneli yenyewe, au mkono ulegezwe?

Nazungumzia hasa majaribio ya ftrace. Huu ni mtambo wa ufuatiliaji uliomo ndani ya keneli tangu toleo la 2.6.27 la mwaka 2008, kazi iliyoongozwa na Steven Rostedt. Ukitaka kujua keneli imeita fanksheni zipi, kwa mpangilio gani, na kila moja imechukua muda gani, unaandika maneno machache kwenye faili zilizo chini ya /sys/kernel/tracing, kisha unasoma majibu kwenye faili iitwayo trace. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako nayo inao: wahandisi wakitafuta kwa nini skrini inakwama, sehemu kubwa ya rekodi zao hutoka humo.

Majaribio yake yanakaa pamoja na msimbo wa keneli, kwenye tools/testing/selftests/ftrace. Masami Hiramatsu aliyaanzisha mwaka 2014. Ni faili za sheli zenye mkia wa .tc, na skripti moja, ftracetest, inaziendesha moja baada ya nyingine, kila moja chini ya set -e.

Sasa tuseme mtu ameandika jaribio la kichujio. Ameweka kichujio cha kuzuia kmalloc, fanksheni ya keneli ya kugawa kumbukumbu, na anataka kuhakikisha jina hilo halimo kwenye rekodi. Anaandika: ! grep -q kmalloc trace, yaani litafute jina hilo kwenye trace, na ukilikuta ushindwe. Mstari huo ukiwa wa mwisho kwenye faili unafanya kazi sawasawa, kwa sababu jibu la amri ya mwisho ndilo jibu la jaribio zima. Miezi sita baadaye mwingine anaongeza mstari wa kusafisha chini yake. Kuanzia siku hiyo jaribio limekufa. Hata kmalloc ijae trace nzima, matokeo yatasema limefaulu. Na kiraka cha yule wa pili, yaani badiliko la msimbo alilolituma likaguliwe, hakina doa machoni: mstari mmoja, usafi tu, nani atakikataa?

Wanaotaka mkono ulegezwe wana hoja, na si hoja za uvivu. Wanaoujua ufuatiliaji wa keneli kwa undani ni wachache, na haohao ndio wanaosubiriwa na viraka vya msimbo unaoandika upya maelekezo ya mashine huku mashine ikitembea. Huko kosa lina bei nyingine kabisa. Mwaka 2008, toleo la 2.6.27 likiwa bado jikoni, kadi za mtandao za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e zilianza kufa. Yaliyomo kwenye kumbukumbu yao ya kudumu yalikuwa yanafutika. Msako ukaishia kwa ftrace. Ilikuwa imeorodhesha anwani za msimbo wa kuanzishia moduli, ule ambao nafasi yake huachiliwa ukishamaliza kazi. Anwani zilezile zikaja kupewa kadi ya mtandao, na ftrace ikaandika pale ikidhani bado inashughulika na msimbo. Toleo la 2.6.27.1 likaizima sehemu hiyo. Kosa la namna ile linamharibia mtu kifaa. Kosa la skripti ya jaribio, wanasema, linampotezea mtu mchana mmoja. Macho machache yaliyopo yaelekezwe kwenye moto.

Hoja yao ya pili inanigusa zaidi. Majaribio ni mlango ambao wageni wengi wa keneli huingilia, kwa kuwa ni sheli, yanasomeka, na hayahitaji mtu awe amekariri namna kumbukumbu inavyogawanywa. Mrudishie mtu kiraka mara saba kwa sababu ya nafasi na tabo. Ya nane hutamwona.

Ya tatu, kwamba jaribio bovu ni afadhali kuliko kukosa jaribio, siinunui. Panapokosekana jaribio, kila mtu anajua kuwa hapajaguswa. Ile ! grep iliyokufa inatoa hati ya usafi kila usiku, na watu wanaitegemea.

Upande wa wakali una ushahidi wake humohumo kwenye saraka. Kuna jaribio linalowasha matukio yote ya sched, mfumo mdogo unaopanga zamu za prosesa, kisha linaangalia kama aina tatu tofauti za matukio zimerekodiwa. Mwanzoni lilisoma trace yote. Tangu mwaka 2020 kusoma faili hiyo hakusimamishi tena kurekodi, na kitendo chenyewe cha kusoma huzalisha matukio ya sched, kwa hiyo kwenye mashine za polepole jaribio likawa kama haliishi. Mwaka 2024 likawekewa kikomo: lisome mistari 100 ya kwanza, basi. Kiraka kifupi, kinaeleweka. Mwaka uliofuata ikabidi lifunguliwe tena, kwa sababu mistari 100 ya kwanza inaweza yote kuwa ya aina moja au mbili, na jaribio likafeli ilhali keneli haina kosa. Siku hizi linasoma hadi aina ya tatu ionekane, kisha linaacha, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa tangu mwanzo.

Mkaguzi alipaswa kuikamata shati ile 100. Kwa nini 100? Inatoka wapi? (Ningekuwa mimi, ningeipitisha huku nikinywa chai.) Na jaribio linalofeli ovyo ni mbwa anayembwekea kila mpita njia: mwenye nyumba hujifunza kulala, na jaribio huishia kwenye orodha ya yanayorukwa.

Hata hivyo siungi mkono ukali wote. Sehemu kubwa ya maoni ninayoyaona chini ya viraka vya majaribio yanahusu sura: jina la faili, maelezo marefu mno, mabano mawili ya sheli ya bash pale penye dash, sheli ndogo isiyoyajua. Hilo la mwisho si la bure, maana majaribio haya huendeshwa hata kwenye vibao vidogo visivyo na chochote zaidi ya BusyBox, kifurushi kidogo cha amri za msingi. Lakini ndani ya saraka ileile limo tayari jaribio linalowinda mitindo ya bash. Liache lifanye kazi yake, wewe okoa macho yako.

Ambacho hakina mashine ya kukifanya ni swali moja: hili jaribio hufeli lini? Kwenye keneli, anayeridhika na kiraka huweka Reviewed-by, na aliyekiendesha huweka Tested-by. Kwa msimbo wa kawaida Tested-by ina uzito. Kwa jaribio, kuambiwa "nimeliendesha, limefaulu" ni karibu na kutoambiwa kitu, kwani ! grep nayo ilifaulu. Ningetaka aliyetuma aonyeshe limefeli: aliendeshe kwenye keneli ya kabla ya marekebisho, au, kama hakuna marekebisho, aondoe kile kichujio na atuletee matokeo mekundu. Kwa QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, kuwasha keneli mbili si kazi ya siku nzima. Na mzigo huo anaubeba mtumaji, mkaguzi anabaki na kusoma mistari michache ya matokeo, kwa hiyo hata malalamiko ya uchache wa wakaguzi yanapungua.

Pana mahali ambapo dai langu linagonga mwamba. Hitilafu za kugombania kumbukumbu kati ya prosesa mbili zinaweza kujitokeza mara moja katika maelfu ya mizunguko, na kumdai mtu aonyeshe kufeli kwake ni kumfungia mlango. Hapo nalegeza: aeleze kwa maneno ni dirisha gani analilenga, na kwa nini amechagua idadi hiyo ya mizunguko. Akiandika tu "sleep 1", yaani subiri sekunde moja, bila sababu, namrudishia.

Yule wa pili, aliyeongeza mstari wa kusafisha, akiombwa matokeo mekundu, angeondoa kichujio, aendeshe, aone kijani, na ashangae peke yake usiku. Asubuhi kiraka kingerudi na mistari mitatu mahali pa ile ! grep: if grep -q kmalloc trace; then, halafu exit_fail, halafu fi.