Uji uliogoma kuwa mzito

Wacha niwaambie kilichotupata kwa maabara yetu hapa Nairobi, ni wapi msiniulize. Kazi yetu ni kimeng'enya cha amilesi, yaani protini inayokata wanga vipande vipande, kutoka kwa bakteria wa jamii ya Bacillus, tunachezea jeni yake ibadilike hapa na pale, alafu tunachemsha tuone gani bado inakata wanga. Ndiyo njia iliyompa Frances Arnold Nobel ya kemia 2018, ila sidhani yeye aligombania sufuria na mama wa chai.

Siku hiyo wanga wa maabara umeisha, mwenzangu akaenda kwa huyo mathe wa chai akaazima sufuria, akapika uji wa unga wa mahindi, akamwaga ndani kimeng'enya kilichofaulu mtihani wa joto, kisha akatoka kutafuta ayodini ya kupima kama wanga umebaki. Mathe kurudi anakuta uji maji maji, maana wanga umeshakatwa, yeye akajua watoto wa siku hizi hawajui kupika. Akawasha gesi.

Akaongeza unga. Uji ukashika, mwiko ukaanza kukataa kuzunguka, alafu polepole ukalegea tena, unachuruzika kama chai ya rangi. Akaongeza tena. Sasa kimeng'enya cha kawaida hapo kingekuwa marehemu, joto lingekikunjua kikaharibika, lakini chetu kilikuwa kwa sherehe, na pia Nairobi tuko juu, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi si 100, alafu mathe kwa roho yake safi akamimina maziwa, yaani kalsiamu, kitu chenyewe amilesi hujishikilia nayo isikunjuke!! Hata mtu wa bayokemia hangekipikia vizuri hivyo.

Akasema haya ni mambo ya usiku. Akatoa sufuria ingine, maji mapya, unga mpya, mwiko ule ule. Nayo ikalegea.

Tukamkuta ameshika kiuno, pakiti ya kilo mbili imebaki karatasi. "Mmeniwekea nini humu?" Sisi tunapiga kelele mathe usionje, usionje, na prof ndio huyo anaingia. Tukajua leo tunafukuzwa. Prof akachungulia sufuria, akatoa kalamu, "Imechemka dakika ngapi?"

"Daktari, kwanza unga wangu."

Akatuma M-Pesa ya pakiti mbili papo hapo, meseji ikaingia, mathe akaisoma yote mpaka salio.

"Sasa mama, unaweza kurudia mara tatu? Matokeo ya mara moja hatuandiki."

"Kwa mwiko wa nani?"