Kadhi wa Mombasa, askofu wa Canterbury

Jumapili ya mwisho kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, juu ya Katiba mpya ya Kenya, mchungaji wetu kule Changamwe, Mombasa, alituambia tupige nyekundu. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu Hapana. Viongozi wa makanisa walikuwa na hoja mbili kubwa: utoaji mimba na mahakama za kadhi, zile za ndoa, talaka na urithi wa Waislamu. Nilipiga nyekundu. Kijani ikashinda kwa asilimia 67 hivi, na kadhi akabaki ndani ya Katiba, kifungu cha 170.

Sasa naishi Leicester, Uingereza, kazi yangu kutunza wazee, na kanisani naenda kila Jumapili. Ugomvi ule ule nimeukuta huku. Mpaka leo waumini wenzangu wanaikumbuka Februari 7, 2008, siku Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Rowan Williams, kiongozi wa Kanisa la Uingereza, aliposema redioni kwamba Uingereza haitaepuka kutambua baadhi ya mambo ya sharia. Alikuwa akizungumzia ndoa, mali na usuluhishi. Watu wakasikia mikono kukatwa. Magazeti yakamrukia, na hata George Carey aliyemtangulia katika kiti kile akampinga.

Michael Nazir-Ali, aliyekuwa Askofu wa Rochester, naye alikataa katakata. Yeye simlaumu. Alizaliwa Karachi, akawa askofu Pakistan, akalazimika kuondoka kwa sababu maisha yake yalikuwa hatarini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata sisi tunaijua hofu hiyo: Aprili 2, 2015, kule Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, na wauaji walikuwa wakiwatenga Wakristo na Waislamu. Lakini waliofanya vile ni al-Shabaab, hawakutumwa na kadhi yeyote. Kuwaweka kapu moja na mzee anayegawa urithi wa marehemu ni kuwaonea majirani zetu.

Halafu kuna hili neno lenyewe, sharia. Kwetu sheria ni sheria, hata ile ya trafiki. Huku ukilitamka tu, chumba kizima kinanyamaza.

Mwaka juzi jirani yangu, mama wa Kizanzibari mwenye watoto watatu, aliachwa na mumewe. Nyumba ilikuwa kwa jina la mume. Nilimsindikiza kwa mwanasheria. Akatoa cheti cha nikaha kutoka kwenye bati la biskuti, kimefungwa kwenye nailoni, sahihi za mashahidi bado zinasomeka vizuri. Mwanasheria akakisoma, akakigeuza nyuma, akakigeuza tena mbele. Akamwambia kwa upole kwamba kisheria hawakuwahi kuoana, walikuwa wakiishi pamoja tu. Nikaha ilifungwa sebuleni, huku huku Uingereza, na hakuna aliyewaambia waende pia kwa msajili wa serikali.

Mombasa jambo hilo lingekuwa na pa kwenda. Kadhi wetu ni hakimu wa serikali, analipwa na serikali, anahukumu Waislamu waliokubali wenyewe kufika mbele yake, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Huku mabaraza ya sharia yapo, lile la Leyton, London, lipo tangu 1982, lakini hayana nguvu ya kisheria wala jicho la serikali juu yake. Wapo wanawake waliolalamika kwamba walicheleweshewa talaka, wengine wakahimizwa warudi kwa waume wanaowapiga. Hayo ndiyo yanayotokea jambo likiachwa nje ya mlango kwa sababu jina lake linatisha.

Mwaka 2018 tume iliyochunguza mabaraza hayo, ikiongozwa na Profesa Mona Siddiqui, ilipendekeza ndoa ya kiserikali ifungwe kabla ya nikaha au pamoja nayo. Maaskofu 26 wa Kanisa la Uingereza wana viti katika Bunge la Malodi. Ningependa kuwasikia wakilipigania hilo kwa sauti ile ile Williams aliyopigiwa kelele. Wao wanajua thamani yake kuliko mtu yeyote: mimi nilifunga ndoa katika kanisa la mtaa wetu hapa Leicester, kasisi wa Kianglikana akatufungisha, na jioni ile nilikuwa mke mbele ya Mungu na mbele ya serikali, bila kukanyaga ofisi yoyote. Jirani yangu alidhani naye ni hivyo hivyo. Aliishi miaka kumi na minne akidhani hivyo.